Isaya Mswaga Ng'ombe na Sindano Zangu Tatu

Nainokanoka nzima hakuna mkono mwepesi kama wangu. Ng'ombe nikimchoma sindano anaendelea kucheua kama hakuna kilichotokea, na kondoo ndiyo kabisa, wengine wanasinzia. Watu wananiita Dokta Lekishon na mimi sikatai, ingawa shule niliishia darasa la nne. Mwalimu alileta hesabu za kugawanya, nikaona bora nikagawanye malisho. Dawa za mifugo nimeuza miaka kumi na nne, na mpaka mwaka jana hakuna ng'ombe wala mtu aliyerudi kunilalamikia.

Isaya ni rika yangu. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukala nyama porini pamoja, na mtu wa rika lako humnyimi kitu wala humchongei kwa watu. Ni mrefu, mkimya, miguu kama ya korongo. Nilizoea kumwambia kwamba Mungu alianza kumuumba kutoka chini, udongo ukaisha kabla hajafika mdomoni. Yeye alicheka kwa pua, basi.

Kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe wa watu kuwapeleka mnadani Karatu. Siku mbili za mguu. Unatoka huku juu kwenye baridi, unakata msitu, unateremka mpaka mashamba ya Wairaqw, halafu barabara ya vumbi hadi mnadani. Waswagaji wapo wengi. Mimi mwenyewe nimewahi kuswaga, na ng'ombe wangu walifika wamekonda mbavu unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Wa Isaya walifika wameshiba. Alijua wapi kuna nyasi, wapi kuna kivuli, wapi usimame kwanza wapumue. Hakuwapiga. Alitembea nyuma yao anaongea nao kwa sauti ya chini, na mimi nilimwambia ndiyo maana nyumbani hana maneno, anayamalizia kwa ng'ombe. Wanunuzi mnadani waliuliza kwanza kama hawa ni wa Isaya, ndipo wakafungua kinywa cha ng'ombe kuangalia meno.

Ng'ombe wake mwenyewe walikufa karibu wote kwenye ukame. Alibaki na majike wanne na fahali mmoja mzee, na watoto saba, na mkewe Nasha. Kwa hiyo ile miguu ndiyo ilikuwa zizi lake. Familia nzima ilikula kwa ile miguu. Hata ugali alikula amesimama, mguu mmoja juu, ameegemea fimbo, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mwezi wa nne, mvua inanyesha, alirudi kutoka Karatu anakohoa na homa inamtetemesha. Baada ya siku nne alikuwa na kundi lingine la kupeleka, ng'ombe ishirini na sita. Zahanati ni mbali, na ukifika huenda mhudumu yuko semina. Akaja kwangu.

"Rika, nichome," akasema. "Nisikose mnada huu."

Hapa sina haja ya kujitetea, kila mtu huku anafanya. Penisilini ya unga ile ya mifugo, ukipunguza kipimo, inamfaa na mtu. Nilikuwa nasema dawa ya ng'ombe na ya mtu ni mama mmoja baba mbalimbali. Ila ule unga unataka maji ya kuchanganyia, na yale maji yanakuja kwenye vichupa vyake, yamechemshwa kiwandani na kuzibwa. Vilikuwa vimeniishia.

Lakini nilikuwa na maji ya chemchemi. Kuna chemchemi huko ndani ya msitu, juu kabisa, ambako hata ng'ombe hafiki. Maji yake ni baridi mpaka jino linauma, na ukiyatazama kwenye chupa unadhani chupa ni tupu. Niliyasifia maji yale kuliko nilivyowahi kumsifia mke wangu. Niliwaambia watu wa Karatu wanakunywa kutu ya mabomba, sisi tunakunywa mawingu. Basi nikachukua yale, nikachanganya. Sindano ilikuwa ya ndama. Nikaisuuza kwa maji yale yale, nikaifuta kwa pindo la shuka, pindo safi.

Nikamchoma tako la kulia. Kesho yake tena, na kesho kutwa tena, hapo hapo karibu. Hakushtuka hata kidogo. Siku ya nne homa haipo, Isaya huyo, anaswaga ng'ombe ishirini na sita kuingia msituni. Nilijisifu wiki mbili. Nilisema hospitali wangemlaza, mimi nimemwinua.

Ilipita zaidi ya mwezi. Siku moja nikamwona anatembea kama ana jiwe kwenye kiatu. Nikamuuliza, akasema kuna kivimbe hapo nyuma. Nikakiangalia. Kilikuwa kidogo kama yai la kware, cha zambarau, hakina joto sana. Nikamwambia hongera, umeshika mimba mahali pabaya. Alicheka kwa pua. Baada ya siku chache vikawa viwili, kisha vinne, na cha kwanza kikapasuka kikatoa usaha mwepesi kama maziwa yaliyotiwa maji. Kimoja kikifunga, kingine kinafunguka pembeni. Nasha aliosha kwa maji ya moto na chumvi asubuhi na jioni. Shuka lilikuwa linaganda kwenye kidonda, na kulibandua ilikuwa shughuli.

Nasha ana ulimi. Mimi ni shemeji yake na utani wetu ulikuwa hauna breki. Aliniambia, wewe si unaitwa dokta, mbona huyu unamwangalia tu? Nikamjibu kwamba mimi ni dokta wa wenye mikia, na huyu mumeo mkia aliukataa. Alicheka. Nakumbuka alicheka.

Mwezi wa sita tukashuka hospitali Karatu. Nilikwenda mimi kama mdomo wake, maana Kiswahili cha Isaya ni cha mnadani. Anajua namba, rangi za ng'ombe, na neno "hapana". Mimi Kiswahili changu ni cha mjini, nimekivuna madukani na stendi. Daktari alikuwa dada mdogo mwenye hijabu, anaitwa Kauthar, mfupi hivi kwamba Isaya alipolala kitandani ndipo walilingana. Alimpapasa kwa upole. Hakukunja pua, na harufu ilikuwepo.

Akaniuliza kama mgonjwa aliwahi kuchomwa sindano sehemu ile.

Nikamgeuzia Isaya kwa Kimaasai. Nikasema, anauliza kama ulichomwa sindano hapo.

Isaya alikuwa amelala kifudifudi, uso ameuelekeza ukutani. Akajibu kwa Kimaasai, "Mwambie unavyotaka wewe."

Nilijua maana yake. Mtu wa rika hakuchongei. Aliuweka mlango wazi, akaniachia mimi niamue kuingia au kupita. Nikafikiria jina langu. Nikafikiria watu wanaokuja kwangu na ndama zao, na huyu dada mwenye vyeti ukutani, atakavyonitazama, na askari labda.

"Anasema hakuchomwa," nikasema. "Ni mwiba. Wale waswagaji wanakaa popote."

Nilitia na kicheko. Kauthar akatabasamu kidogo, akaandika mwiba. Na Isaya, kama nilivyosema, neno "hapana" analijua, na maneno mengine ya kukataa pia anayajua. Alisikia. Hakugeuza kichwa.

Wakampasua, wakakamua, wakampa vidonge vya siku saba. Tukarudi. Baada ya wiki mbili vikafumuka tena, safari hii vimeteremka mpaka pajani. Tukashuka tena, wakapasua tena, vidonge vya rangi nyingine. Mwezi wa nane vivyo hivyo. Kila mara Kauthar alikunja uso, akasema mwiba huu haueleweki, dawa ninazompa zingepaswa kuumaliza. Kila mara mimi nilitafsiri. Nilikuwa mtafsiri mzuri sana, mpaka alinishukuru.

Nyumbani watu walikuwa na maneno yao. Wengine walisema kifua kikuu kimehamia chini. Wengine walisema kuna mtu alimwekea kitu njiani kwa wivu wa mnadani. Mimi nilikubaliana na kila mmoja, na nikipata nafasi nauongezea ule mwiba. Mwiba wangu ulikua. Mwanzoni ulikuwa wa mgunga wa kawaida, mpaka mwezi wa tisa ulikuwa wa urefu wa kidole na una sumu.

Isaya aliendelea kuswaga mpaka mwezi wa nane. Alijifunga kitambaa na kutembea. Safari ya mwisho alifika mnadani jioni badala ya asubuhi, na ng'ombe wawili walipotea msituni kwa sababu hakuweza kuwakimbilia. Mwenye ng'ombe hakugomba. Mnada uliofuata alimpa mtu mwingine kundi. Waliofuata wakafanya hivyo hivyo, kwa heshima, kila mmoja akipita kwanza kumjulia hali. Hiyo heshima ndiyo iliyomuuma. Alikuwa amelala ubavu wa kushoto kwenye ngozi, maana kukaa hawezi, anasikiliza kengele za ng'ombe zinapita nje kuelekea msituni. Akaanza kuuza wale majike wanne. Wa kwanza, wa pili.

Halafu Yeyo Kakenya, bibi wa boma la jirani, akatokewa na vivimbe mkononi, juu karibu na bega. Vya zambarau, usaha mwepesi.

Nasha alikuja kwangu asubuhi nikikamua. Hakunisalimia shemeji. Alisimama ng'ambo ya ng'ombe, amemwekea mikono mgongoni.

"Yeyo Kakenya ulimchoma lini?"

Nikasema mbona unaniuliza kama polisi, umeajiriwa lini. Hakucheka.

"Ulimchoma mwezi wa nne," akasema. "Wiki ile ile ya mume wangu. Na yeye alikaa juu ya mwiba kwa bega?"

Nikaendelea kukamua, na ng'ombe, ambaye kwa kawaida ananipenda, akapiga ndoo teke. Maziwa yakamwagika yote. Nasha aliyatazama yakiingia kwenye samadi. Akasema kwa utaratibu kwamba Isaya amejua siku zote, na amemwambia jana tu, kwa sababu ya yule bibi. Akasema Isaya hawezi kulitaja jina langu mbele ya daktari hata akiozea pale kwenye ngozi. Kisha akaondoka, na tangu siku ile hajanitania tena. Namsalimia, anaitikia. Ni salamu kamili, haina kasoro yoyote.

Kesho yake nikafunga kwenye kitambaa ile sindano ya ndama na chupa ya maji ya chemchemi, iliyobaki nusu, na unga. Tukashuka Karatu, mimi na Isaya na Yeyo Kakenya, kwenye gari la mjenzi mmoja lililobeba mbao. Isaya alisafiri amelala kifudifudi juu ya mbao. Mimi, kimya kutoka Nainokanoka hadi Karatu. Yeyo Kakenya aliniuliza kama naumwa.

Kauthar aliponiona akasema, mtafsiri wangu huyo. Nikaweka kitambaa mezani nikakifungua.

"Dokta, mwiba ni mimi," nikasema.

Alidhani natania. Alikwisha kunizoea kwa mizaha, akatabasamu akisubiri mwisho wake. Ikabidi nirudie kwa Kiswahili cha kawaida, kisicho na urembo, kwamba nilimchoma mara tatu, kwa sindano hii, kwa dawa hii, kwa maji haya, na mama huyu pia. Tabasamu likaondoka taratibu. Akainua chupa akaitazama kwenye dirisha. Bado ilionekana kama tupu.

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze, ugomvi nauweza. Aliniuliza tu maji yametoka wapi, yamekaa muda gani, nimewachoma watu wangapi. Nikataja saba. Akaandika majina yote, akasema wote waletwe. Kisha akaeleza, na safari hii ilinibidi nimtafsirie Isaya kila neno. Kuna wadudu wanaoishi kwenye maji na udongo, hata maji meupe namna hii. Ni jamaa wa wale wa kifua kikuu, lakini hawa hawaambukizi kutoka mtu kwenda mtu. Ukiwanywa, mara nyingi hawana habari na wewe. Ukiwaingiza chini ya ngozi kwa sindano, wanapata nyumba. Wanakua polepole, ndiyo maana vivimbe vilichelewa hata watu wakasahau sindano. Na vidonge vya kawaida vinawapita hivi hivi, ndiyo maana miezi yote ile ilikuwa bure. Atapeleka nyama kidogo kwenye maabara kubwa, wadudu wale wakuzwe wajulikane kwa jina, wapate dawa yao.

Isaya alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja, akaniambia nilifikishe kama lilivyo.

"Anauliza," nikasema, "kama mngejua mwezi wa sita ingekuwaje."

Kauthar alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

"Mwezi wa sita vilikuwa juu juu tu. Ningekata kidogo. Sasa vimefika kwenye msuli."

Nikatafsiri. Nilifika kwenye neno msuli nikatafuta Kimaasai chake kama mtu aliyezaliwa jana.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa, yakawa kama alivyosema. Walimkata, wakatoa nyama iliyooza, sehemu kubwa ya tako na juu ya paja. Kidonda kiliachwa wazi kijazwe kutoka ndani. Vidonge vikawa vya aina mbili, kila siku, miezi sita. Kimoja kilimharibia ulimi, akasema chai ina ladha ya kisu. Hakuruka hata siku moja. Nasha alivihesabu. Yeyo Kakenya, kwa kuwa vyake vilikuwa vichache na mkono hauna kazi ya kusafiri, alipona mapema, na ananisalimia vizuri. Wengine watano, wawili walikuwa na vivimbe na wanaendelea na dawa. Watatu hawana kitu mpaka leo, na sijui kwa nini, Kauthar pia hajui.

Nilikwenda kwa wazee wa rika nikasema yote. Nilipofika kwenye chemchemi, mmoja akaanza kucheka, na wenzake wakamfuata, walidhani naelekea kwenye utani. Nilisimama pale mpaka wakamaliza. Walipoelewa walisema sitachoma tena mtu, na mimi nilikuwa nimekwisha kuacha. Ng'ombe bado nachoma, kwa vichupa vya kiwandani. Bado hakuna mkono mwepesi kama wangu, na silisemi tena mbele za watu.

Mwezi wa tano mwaka huu kidonda kilifunga. Pakabaki shimo lenye ngozi nyembamba inayong'aa, paja la kulia jembamba kuliko la kushoto. Kauthar akasema amepona. Isaya akatafuta kundi. Mtu mmoja, kwa kumkumbuka, akampa ng'ombe kumi na wawili tu. Nikasema nitakwenda naye. Hakukubali wala hakukataa. Asubuhi nikamkuta yuko njiani, nikamfuata.

Siku ya kwanza alitembea. Alikuwa nyuma yao anaongea nao vile vile, na mimi niliwaacha peke yao nikakaa mbele. Tulilala salama ukingoni mwa msitu. Siku ya pili mteremko ulianza, na mteremko unataka lile tako na lile paja. Mguu ulikuwa unatetemeka kila akiukanyagia. Alikata fimbo ya pili. Akatembea kwa fimbo mbili mpaka tulipotoka kwenye miti na kuona mashamba ya mahindi huko chini, na pale mguu ukamkatalia. Alikaa chini. Isaya, kukaa. Ng'ombe wakasimama kumsubiri, halafu wakaanza kutawanyika kuelekea kwenye mahindi ya watu.

Nikataka kumsaidia. Akaukwepa mkono wangu.

"Ng'ombe ni wa mtu," akasema. "Mnada unafungwa. Nenda nao."

"Na wewe?"

"Nenda nao, Lekishon."

Hakuniita rika. Nikawakusanya nikaenda. Nilitembea saa moja, labda zaidi, napiga mluzi, nakimbia huku na huku, maana hawanijui. Tukaingia barabara ya vumbi. Nyuma nikasikia lori la kubeba ngano, linapiga honi, nikawavuta ng'ombe pembeni. Likapunguza mwendo likapita kando yetu polepole. Isaya alikuwa juu ya magunia, amelala ubavu wa kushoto, fimbo zote mbili mkononi. Aliwaangalia ng'ombe mmoja mmoja, kumi na wawili, mpaka wa mwisho.

"Unawakimbiza," akasema.

Lori likaongeza mwendo. Vumbi lilipotulia nilikuwa nimesimama, na ng'ombe wamesimama pia, wanahema.